Chupa ya Pili

Asubuhi niliyoondoka Ijuganyondo sikuwa na safari. Nilivaa shati moja na kaptura ya kaki, mfukoni nilikuwa na kisu cha kumenyea ndizi, na kichwani nilikuwa na wazo moja tu, kwamba siku hiyo silimi. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la saba. Nilipenda sana kujua mambo ila sikupenda kuketi, na mwalimu mkuu alikuwa amechoka kunichapa kwa kosa hilo hilo. Nikatoka barabarani umande ukiwa bado kwenye majani ya migomba, nikasimama pale wanaposimama watu, na lori la ushirika lililokuwa likienda Muleba kuchukua kahawa likapunguza mwendo. Dereva, bonge la mtu mwenye sauti ya kuita ng'ombe, hakuniuliza ninakwenda wapi. Aliniuliza, "Una nguvu?" Nikasema ninazo. "Panda nyuma, utanipakilia magunia." Kama angepita kwa kasi ningevuka barabara na kwenda upande wa mjini, kwenye meli, na maisha yangu yangekuwa mengine kabisa.

Tulipokwisha kupita Kanazi tukakuta watu wameziba barabara. Walikuwa wanapiga kitu kilichokuwa chini. Walitumia nguzo za kuegemezea migomba, zile ndefu zenye panda, na mwanzoni nilidhani wanaua nyoka kwa jinsi walivyokuwa wakirudi nyuma kila wanapopiga. Mwanamke mmoja mwenye kitambaa cheupe kichwani, mavazi ya kanisani kabisa, alikuwa anaokota mawe na kuwapa wanaume. Dereva akazima gari, akashuka, akasimama mikono kiunoni. "Mmemaliza?" akauliza. Mmoja akamjibu, "Mwizi huyu. Tumemkuta amelala juu ya mikeka ya kahawa yetu." Dereva akasema, "Nauliza kama mmemaliza, maana nina safari. Kama mmemaliza nipeni, kama bado endeleeni haraka." Sijui alilipata wapi neno lile, lakini liliwaaibisha. Wakasogea. Tukamtupa yule mtu nyuma ya lori juu ya magunia matupu, na mimi nikakishika kichwa chake mapajani mpaka Muleba. Taya lake lilikuwa limehama mahali pake. Alikuwa anachemka kama jiwe la jikoni, na kila lori liliporuka alitoa sauti ndogo, kama mtu anayekubaliana na mwenzake katika mazungumzo.

Hospitali ya misheni ilikuwa juu ya kilima. Walimpokea yule mtu, nami nikabaki uani na damu imenikauka kifuani, wakati dereva akienda zake kutafuta mtu mwingine wa kumpakilia magunia. Ndipo akatoka mwanamume mfupi mwenye koti jeupe na miwani iliyofungwa kwa uzi sikioni. "Umeumia wapi?" Nikamwambia damu si yangu. "Basi njoo uione ya mwenyewe," akasema, kwa namna ambayo mtu mwingine angesema njoo unywe maji. Alinipeleka kwenye chumba kilichokuwa zamani stoo ya mishumaa, akaniketisha mbele ya hadubini, akageuza kioo chake kidogo mpaka kikanasa jua la dirishani. Niliona duara lenye mwanga, na ndani yake vitu vya rangi ya waridi vilivyojaa kama kahawa iliyoanikwa, na ndani ya vingi kati ya hivyo vitu kulikuwa na pete ndogo ya zambarau yenye kito chake. Nikamwambia ni vizuri. "Ni malaria," akasema. "Imempanda kichwani. Huyo hakuwa akiiba, kijana. Alianguka pale homa ilipomwishia nguvu." Yule mtu alikufa mchana huo huo. Dereva, aliporudi Bukoba na kahawa, alisimama pale pale baada ya Kanazi na kuwaeleza wale waliompiga. Alinisimulia mwenyewe siku nyingine. Walimsikiliza mpaka mwisho, kisha mzee mmoja akasema, "Sasa si angesema."

Mwenye miwani ni Mwalimu Ezekieli, na tumemzika mwaka jana, huko huko Kanazi, kwenye kibanja, shamba la migomba la kwao. Nilikwenda kwa miguu sehemu kubwa ya njia, nikapita mahali pale, na sasa kuna kibanda cha kuuzia soda. Msibani niliketi na Adelina, ambaye mwaka ule alikuwa mwanafunzi mwenzangu na baadaye akaenda chuo kikuu, akafundisha sayansi ya maabara kwa vijana wengi kuliko anavyoweza kukumbuka majina. Mimi baada ya miaka michache ya maabara niliondoka tena; nimekuwa baharia wa ziwani, mchimba chumvi, mlinzi, mpiga picha za pasipoti. Tulikula ndizi na maharage kwenye majani, tukanong'ona, na kabla jeneza halijashuka tulikuwa tumeshaanza kubishana juu ya chupa ya pili. Yeye mpaka leo anasema Mwalimu alikosea kwenye hiyo. Mimi nasema alikosea kwenye ile ya kwanza.

Lakini nirudi nyuma. Mwalimu Ezekieli alikuwa amesomea Kampala, na misheni ilimruhusu kufundisha wanafunzi wachache wa kazi ya maabara, ambao wakifaa wangepelekwa mbele kwa masomo makubwa. Adelina alikuwa amemaliza darasa la kumi na mbili na kila mtu alijua atafika mbali. Mimi nilikaa kwa sababu siku ya pili nilirudi kuuliza ile pete ilikuwa inaingiaje, na siku ya tatu nikaulizia kitu kingine, na mwisho Mwalimu akaniambia ni afadhali niulize huku ninaosha chupa. Baada ya mwezi akanipa koti. Nilijifunza kuchukua damu kidoleni na mkononi, kuipaka kwenye kioo kwa wepesi kama unavyopaka samli, kuitia rangi, kuhesabu. Wagonjwa walituletea choo ndani ya viberiti, kimefungwa vizuri kwa utomvu wa mgomba, na wengine walitukabidhi kwa mikono miwili kama zawadi. Tulikuwa na mashine ya kuzungusha damu kwa mkono, na Mwalimu alitufundisha kuimba wimbo wa kanisani kichwani ili mwendo usipungue. Adelina, Mkatoliki, aliimba wa kwao. Mwalimu alikuwa Mlutheri na alidai damu iliyozungushwa na Adelina ilichelewa kutulia.

Kati ya maabara na chumba cha kushonea vidonda palikuwa na ukuta wa mbao, na huo ukuta ndio uliokuwa redio yetu. Redio yenyewe, ya Mwalimu, ilizungumza juu ya ujamaa na kujitegemea, wakulima na wafanyakazi. Ukuta ulizungumza juu ya miundu. Mwaka ule watu walikatana. Muhoro, ule mundu wetu wenye mpini mrefu wa kusafishia migomba, ulikuwa unaingia kwenye nyama za watu kila wiki. Tulisikia sindano ya Sista, kisha kelele, kisha maswali: nani amekukata? Ndugu yangu. Jirani yangu. Na karibu kila mara sababu ilikuwa ardhi. Zamani watu wengi huku walilima chini ya nyarubanja: kibanja unakilima wewe na baba yako na babu yako, lakini ni cha bwana fulani, na kila mwaka unampelekea ndizi, pombe na nguvu zako. Serikali mpya ikaufuta utaratibu ule. Kwa sheria, mpangaji akaamka asubuhi akiwa mwenye kibanja. Bwana naye akaamka asubuhi ile ile, kwenye nyumba ile ile, mita chache kutoka hapo, akiwa na wanawe wanaume na miundu yao.

Na sisi wa maabara tulikuwa na vita vyetu. Watu walitupa damu ya kidole kwa shida. Damu ya chupa, ya kumwekea mgonjwa, hawakutupa kabisa. Walisema tunaiuza, walisema tunaipeleka Ulaya wakapake ndege rangi. Mara moja nilipokwenda na Adelina kijijini kuchukua vipimo, akina mama walitufukuza kwa vijinga vya moto mpaka mtoni, na kijinga kimoja kilinipata begani, alama ninayo. Adelina alisimama ng'ambo ya mto akiwapigia kelele kwa Kihaya kwamba hata damu yao haina faida, imejaa minyoo. Jioni Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akatuambia jambo ambalo alilirudia mara nyingi, na aliliamini kama wengine wanavyoamini Imani ya Mitume: "Damu ni damu. Haina ukoo, haina kibanja, haina chuki. Ina kundi tu. Mkijua kundi, mmejua yote."

Siku yenyewe ilikuwa msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa. Tulikuwa tumekaanga sahani nzima asubuhi na maabara nzima ilinukia. Tukasikia watu wanapanda kilima wakiimba ule mwito wa wabeba machela, na nilipotoka nikaona machela mabegani mwa wanaume wanne, na matone yameandika njia nyuma yao. Aliyebebwa ni Ta Laurenti, mzee aliyekuwa bwana wa vibanja vingi upande ule. Muhoro ulikuwa umempata bega na kushuka mpaka karibu na titi, na mwingine pajani. Alikuwa na macho wazi. Pembeni yake alitembea binti yake, Ma Justina, aliyeolewa Bukoba na aliyekuwa amekuja nyumbani kusalimia tu. Alishika kidonda cha baba yake kwa mikono miwili na gauni lake lilikuwa jekundu mpaka magotini. Nyuma walikuja wana wa kiume watatu wakiongozwa na Severini, wa mwisho kuzaliwa, kijana mzuri wa sura kiasi kwamba wauguzi walikuwa na kawaida ya kumsalimia mara mbili. Severini alikuwa anamburuta kwa kamba mtu mwingine. Huyo ni Ta Kagaruki, aliyekuwa mpangaji wa mzee. Walikuwa wamempiga njiani wakapumzika, wakampiga tena. Vidole vya mkono wake wa kuume vilikuwa vimevunjwa kimoja kimoja, kwa sababu ndivyo vilivyoshika mpini. Askari mmoja alitembea nao, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha mtu huyu anafika akiwa hai.

Kisa chote tulikisikia kupitia ukutani wakati daktari anashona. Ta Laurenti alikuwa amekwenda na kung'oa milamula, ile miti myembamba inayopandwa kuonyesha mpaka, ambayo Kagaruki aliipanda baada ya sheria. Aliing'oa kwa mikono yake mwenyewe, huku anamwita Kagaruki atoke aone. Kagaruki akatoka.

Daktari akaja mlangoni kwetu, mikono yake imenyooka mbele kama si yake. "Ezekieli, huyu mzee amebakiwa na maji. Nipe damu." Tulimpima: kundi la O, asiyeweza kupokea ila ya O. Tukawapima wana watatu. Wote A, kama mama yao. Ma Justina naye A. Adelina A, Mwalimu B, mimi B. Sista mmoja aliyekuwa O alikuwa kitandani na homa. Wabeba machela, tulipowaeleza tunachotaka, waliteremka kilima haraka kuliko walivyopanda. Adelina akakimbia kwenye wodi kuomba ndugu za wagonjwa. Waliingia chini ya vitanda. Mwalimu akasimama katikati ya chumba, akatazama nje kwenye benchi alipofungwa Kagaruki, akatoka na sindano. Aliporudi na kupima, aliangalia kile kigae cheupe muda mrefu. O. Akachanganya na damu ya mzee kwenye kioo, akainama kwenye hadubini. Haikuganda hata chembe moja. "Inapatana," akasema.

Kagaruki hakubisha. Alimwambia askari, "Nifungue mkono wa kushoto." Alijua maana yake, kila mtu wa Buhaya angejua, na Mwalimu pia aliyelelewa Kanazi alijua, ila alikuwa ameamua siku nyingi kutokujua. Zamani watu wawili wakitaka kuwa zaidi ya ndugu walifanya omukago: walichanja ngozi karibu na kitovu, wakachukua tunda moja la kahawa lenye punje zake mbili, kila mmoja akapaka punje moja damu yake, mwenzake akaimeza. Kuanzia hapo ni wanywani. Huwezi kumdhuru mnywani wako, huwezi kumshitaki, huwezi kumnyima chakula wala pa kulala, wewe na wanao na mji wako wote. Atakayevunja, tumbo lake litavimba na kupasuka. Chupa ilikuwa inajaa, na mimi niliishika chini ya mkono wa Kagaruki nikiitingisha polepole isigande, na nilisikia upande wa pili wa mbao sauti ya Severini ikimtaja baba yake, "Anataka kujificha ndani ya damu ya tata."

Waliingia wote watatu. Mwalimu alisimama mbele ya meza, mfupi, koti lake safi, akanyoosha kiganja. "Wanangu, sikilizeni. Baba yenu anakufa. Damu ni damu. Haina ukoo, haina—" Severini alimpiga mdomoni kwa ile fimbo ya mkongojo aliyokuwa nayo. Niliona jino likiruka na kuanguka ndani ya sahani ya senene. Ndugu yake akapindua meza. Hadubini ikaanguka kwa ubavu, vioo vikamwagika kama mvua ya mawe. Adelina alimrukia mmoja mgongoni akamng'ata sikio, na kelele aliyopiga yule mtu ilikuwa kubwa kuliko zote nilizosikia kupitia ukutani mwaka mzima. Mimi niliikumbatia ile chupa. Severini akanishika nywele, akanigongesha kichwa ukutani, mara ya kwanza, mara ya pili, na vidole vyangu vikaachia vyenyewe. Akaiinua juu kwa mikono miwili kama padri na kuipiga sakafuni. Ilikuwa bado ya moto. Iliruka mpaka darini, mpaka kwenye picha ya Msalaba, mpaka kwenye nyuso zetu sote, na kwa muda mfupi hatukuweza kujua nani ameumia na nani hajaumia.

Ndipo Kagaruki akasema pale benchini, kwa upole kabisa, "Mwalimu. Toa nyingine."

Mwalimu alikuwa chini anatafuta miwani. Mlangoni alisimama Ma Justina. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Aliwatazama kaka zake, akatazama sakafu, akasema kwa sauti ya mtu aliyetumwa: "Tata yuko macho. Amesikia kila kitu, hizi mbao si ukuta. Anauliza: damu ya Kagaruki mnaitia kwangu, yangu itaingia kwake namna gani? Anasema nusu si omukago. Anasema nusu ni kunifanya mtoto wake, na mimi si mtoto wa Kagaruki."

Severini akaanza kucheka. "Umesikia? Tata amekataa!"

"Hajakataa, mjinga wewe," Ma Justina akasema. "Ameuliza."

Mwalimu alikuwa ameipata miwani. Kioo kimoja kilikuwa kimepasuka. Akaketi pale pale sakafuni kwenye damu na vigae. Mdomo wake ulikuwa unavimba. Nilimwona akitazama kile kishikizo cha mbao kilichobaki ukutani, ambamo mlikuwa na tyubu ya damu ya Ta Laurenti, ile tuliyoichukua kwa vipimo, imetulia, nyekundu chini na maji ya njano juu. Aliitazama mpaka Adelina akaelewa. "Mwalimu, hapana," akasema. "Si kazi yetu hiyo. Mwalimu, hiyo ni sampuli!" Naye akamjibu, "Toka nje ukachume kahawa. Tunda moja lililoiva. Chagua zuri." Adelina hakuondoka. Nilikwenda mimi. Nyuma ya maabara palikuwa na mbuni mzee ambao hakuna aliyeuchuma, na nilipolipasua lile tunda mkononi, punje zake mbili ziliteleza kama samaki wadogo.

Ta Laurenti alipewa punje iliyopakwa damu ya Kagaruki, iliyokuwa ikimtoka bado mkononi. Sista akapiga kelele kwamba mgonjwa asile kitu. Mzee akaimeza akimtazama. Punje ya pili Mwalimu aliipaka mwenyewe, kwa kijiti cha kioo, kutoka kwenye ile tyubu, na kuibeba kwenye kiganja mpaka benchini. Alitembea taratibu sana. Kagaruki alifungua mdomo kama anavyofungua Mkatoliki kwenye komunyo, akameza, akasema, "Sasa toa." Mwalimu alimwambia kwamba damu ya pili katika saa ile ile, kwa mtu aliyepigwa, inaweza kumwua. "Nikifa," Kagaruki akasema, "mnywani wangu atanizika." Tulichukua nusu chupa. Kabla haijafika hapo macho yake yaligeuka na kichwa kikaangukia begani kwangu, na nikakishika, kama nilivyokishika kile kingine ndani ya lori. Severini alikuwa amesimama dirishani, fimbo mkononi, mtu ambaye ghafla hana wa kumpiga. Akaivunja gotini, ikakataa kuvunjika, akaitupa na kutoka.

Wote wawili waliishi. Siku ile msibani Adelina aliniambia kwa mara nyingine kwamba ungeweza kumwambukiza mtu chochote kwa namna ile, kwamba yeye akimwona mwanafunzi anampa mtu sampuli ameze angemfukuza chuo jioni hiyo, na kwamba tungewashika wale vijana tukaweka damu kwa nguvu. Labda. Tungewashika na nini, sijui. Ninachojua ni kwamba baada ya siku ile Mwalimu hakusema tena kwamba ukijua kundi umejua yote. Alisema, "Pima kundi, kisha uliza."

Severini hakumeza punje yoyote, na alisema hivyo sokoni kwa sauti. Mzee akiwa bado wodini, Severini alikwenda kwenye kibanja cha Kagaruki na kuikata migomba yote, mmoja mmoja, siku nzima, watu wakitazama kutoka barabarani. Huku kwetu hilo ni sawa na kumwua mtu na watoto wake ambao hawajazaliwa. Kisha akaichoma nyumba. Mke wa Kagaruki, Leokadia, alitoka na chungu na mtoto. Ta Laurenti aliposikia, aliomba abebwe mpaka nyumbani kwake, akaamuru vitu vya Severini vitupwe nje, na mbele ya watu wote akamwambia mwanawe kwamba akirudi atamkuta amekufa. Severini alivuka kwenda Uganda. Kagaruki alipelekwa rumande Bukoba, kwa kuwa serikali haikuwa imemeza kahawa na mtu, na kesi yake ilisubiri.

Mwaka ulipoisha Mwalimu alinipa barua ya kwenda kujifunza zaidi kwenye maabara ya serikali Bukoba, na Adelina yake ya kwenda Dar es Salaam. Nilishuka mjini mchana, jua kali, sina ninayemjua. Nilitembea mtaa wa Bakoba nikigonga milango. Nyumba ya kwanza walinipenda mpaka waliponiuliza ninafanya kazi gani. Ya pili mwenye nyumba aliniambia chumba kipo lakini hawezi kulala karibu na mtu anayechezea damu, akaufunga mlango, kisha akaufungua tena kidogo kuniangalia vizuri. Nilikuwa nimeketi juu ya sanduku langu karibu na sokoni, ninatafuna kahawa, niliposikia, "Wewe si yule uliyeshika chupa?" Ma Justina alikuwa na kikapu cha samaki kichwani. "Simama basi. Umekaa kama mzigo usio na mwenyewe."

Nyumba yake ilikuwa ya mabati, vyumba vinne, uani kuna jiko la majani. Chumba alichonionyesha kilikuwa na kitanda cha kamba na dirisha lililotazama jikoni, na kupitia dirisha hilo nikamwona mwanamke amepiga magoti anamenya ndizi, mtoto mgongoni. Nilimfahamu. Siku ile alikuwa ameketi kwenye majani nje ya hospitali, hasogei, ameshika kofia ya mumewe. Ma Justina aliona ninavyotazama. "Ndiyo, ni mke wa Kagaruki," akasema, bila kupunguza sauti. "Usiniulize kama ninampenda. Mume wake alimpasua tata kama samaki huyu. Kila asubuhi nikimwona hapo jikoni kwangu nasikia mkono unaniwasha." Akatua kikapu chini kwa nguvu. Leokadia hakuinua kichwa. Alisema tu, "Dada, chumvi imekwisha," na Ma Justina akasema, "Ipo nyuma ya mtungi, huna macho?" akaenda kumletea mwenyewe.

Tulikula uani, ndizi na samaki, kwenye jani moja sote watatu na mtoto. Kabla hatujaanza, Ma Justina alipakua sehemu ya kwanza, ile nzuri yenye kichwa cha samaki, akaifunga ndani ya jani la mgomba lililopitishwa motoni, akalikaza kwa ufumwale, uzi wa mgomba, na kuliweka pembeni juu ya jiwe. Niliuliza kodi yangu itakuwaje. Akalamba vidole.

"Kodi tutazungumza," akasema. "Lakini anayelala nyumba hii hupeleka chakula gerezani. Mimi jana, huyu leo. Kesho ni wewe. Ukifika getini watakuuliza wewe ni nani wake. Useme ni wa nyumbani."